Mkaanga Buni wa Mchafukoge

Ukitaka kujua jirani yangu wa chini alikuwa mtu wa namna gani, usiniulize alizaliwa wapi hasa wala babu yake aliitwa nani. Hayo sikumwuliza, na yeye hakuniuliza ya kwetu Newala. Niulize alivyokaanga buni. Alikuwa anaupa moto mgongo.

Kikaango chake kilikuwa cha chuma, kipana kama ungo, kimekaa juu ya jiko la makaa nyuma ya duka. Akishamimina buni mbichi, humpa mwiko yeyote aliye karibu, awe mteja au mpita njia, akamwambia, "Koroga, usiache," kisha yeye huketi juu ya gunia akitazama barabara. Mgeni alidhani mama wa watu anasinzia. Kumbe anasikiliza. Buni zikiiva hupasuka kwa mlio, kwanza mlio mkubwa, baadaye mlio mdogo wa harakaharaka, na katikati ya milio hiyo miwili ndipo alipopataka yeye. "Mimina!" alisema ghafla, bila kugeuka, na ole wako uchelewe. Nilimwuliza mara moja kwa nini haangalii.

"Macho yanadanganywa na moshi," akasema. "Masikio hayana moshi."

Mtaa mzima ulimwita Mkaanga Buni, ingawa mbele yake tulimwita Mama. Sisi tuliingia katika nyumba ile majumba yalipotaifishwa. Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli Gerezani, akapewa vyumba viwili vya juu. Mkaanga Buni tulimkuta chini, na duka lake, na kitanda chake chumba cha nyuma, mpangaji kama sisi. Siku ya kwanza nilishuka na ndoo kwenda mferejini, nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Alinishika viganja akavigeuza, akatazama yale madoa meusi ambayo maganda ya korosho huwaachia wabanguaji.

"Marahaba," akasema baadaye sana. "Wewe umebangua korosho. Mimi nimechuma buni. Tutaelewana."

Tukaelewana. Sikuwa na mama Dar es Salaam, na kufikia mwisho wa mwaka ule nilikuwa naye. Nalisema waziwazi kwa sababu wako watu wa Newala ambao mpaka leo hawajanisamehe.

Wahindi wa mtaa wetu wengi walizungumza Kigujarati, na yeye, ingawa Mhindi, hakukijua hata neno. Lugha yake ilikuwa ya milima ya huko kusini mwa India, na pale mjini hapakuwa na mtu wa kuizungumza naye. Kwa hiyo ukipita Mchafukoge ukasikia Wahindi wawili wanagombana kwa Kiswahili kitupu cha Kariakoo, "Toka zako hapa, usiniletee za kuleta," ujue mmoja wao ni Mkaanga Buni. Wahindi walimwona mgeni, na Waswahili walimwona Mhindi. Yeye alijiona mtu wa milimani aliyeshuka kununua chumvi akacheleweshwa.

Kuhusu kahawa yenyewe alikuwa na mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Aliichukia kahawa iliyochanganywa. Wakati ule wa uhaba alikuja bwana mmoja mwenye mkoba, akamshauri akaange buni na mahindi kidogo avisage pamoja, kwani nani atajua. Mkaanga Buni alimtoa dukani kwa ufagio, na si ule ufagio mpya. Lakini kikombe chake mwenyewe alikitia unga wa mzizi fulani uliokaushwa, ambao jamaa zake walimletea kutoka kwao, halafu akajaza maziwa mpaka kahawa ikawa na rangi ya matope ya Jangwani. Ndivyo wanavyokunywa huko. Mwenye dele, mzee aliyeuza kahawa chungu na kashata barazani petu, alilichukulia jambo hilo kama tusi la kila siku.

"Mama, hiyo ni uji," alimwambia.

"Na hiyo yako ni dawa ya minyoo," akajibiwa.

"Kahawa ya maziwa wanapewa wazazi."

"Ndiyo maana wanapona."

Waligombana hivyo kila alfajiri, na kila alfajiri yeye ndiye aliyemsagia buni za kujaza dele lile. Siku mzee alipougua homa, Mkaanga Buni alilibeba dele mwenyewe akatembeza barazani, akigonganisha vikombe vibaya mno, uso umekunjamana kama anauza sumu.

Habari za milima alizitoa tukichambua buni. Tuliketi uani, ungo mapajani, tunatoa mawe na buni zilizotobolewa na wadudu, na polepole nilijikuta sipo tena Mchafukoge. Kwao, alisema, kahawa haipandwi uwanjani. Msitu unaachwa usimame na kahawa inakaa chini yake kwenye kivuli, kama watoto chini ya meza. Juu ni miti mirefu na mifenesi, kwenye mashina yake inapanda mipilipili manga, na kwenye matawi wanakaa nyuki. Mafenesi yakiiva tembo hushuka usiku kuyala, na asubuhi unakuta wamepita katikati ya shamba kwa adabu, wamevunja walichovunja, basi. Mvua ikianza haina habari ya kuacha. Viatu vinaota ukungu mlangoni na ruba wanapanda miguu, kwa hiyo wachumaji hujipaka tumbaku iliyolowekwa. Yupo na fungo, anayekula buni zilizoiva tu, mchaguzi kuliko mtu yeyote. "Baba alisema ukitaka kujua tuanzie kuchuma wapi, tafuta fungo alikolala," aliniambia.

Jirani yao mmoja huko alikata miti yote ya kivuli ili apande kahawa zaidi. Mwaka wa kwanza alivuna akacheka. Baadaye mvua ikauchukua udongo ikaupeleka bondeni, na kijito kilichowanywesha wote kikaanza kupita kwa msimu. Alipofika hapo katika hadithi, Mkaanga Buni aliacha kuchambua. Nilimwona akikasirika upya kwa mtu aliyekufa zamani, tena ng'ambo ya bahari.

Hasira hiyo ndiyo iliyotuponza Pugu. Ilipokuja kampeni ya kila mtu alime, mtaa wetu ulipewa shamba kule vilimani, na Jumapili tulipakiwa kwenye lori na majembe yetu. Ndugu Mjumbe wa nyumba kumi alisema tufyeke pote pawe peupe. Mkaanga Buni, sari kaifunga kiunoni, akasimama mbele ya mti wa kwanza. Mti haukatwi. Mti ndio unaoshika udongo, mti ndio unaoita mvua, na nyinyi watu wa mjini mnajua nini? Alisema kwa nguvu za mtu mwenye hakika, na sisi wanawake wa upande wake tukamtii, tukapanda mahindi yetu chini ya kivuli kizuri cha baridi. Upande wa Ndugu Mjumbe ulivuna. Mahindi yetu yaliota marefu, membamba, yamepauka, yakitafuta jua kama wafungwa dirishani. Hatukupata hata la kuchoma.

Ndugu Mjumbe alitamani kucheka lakini alimheshimu. Mkaanga Buni alizunguka shamba lote, akayashika mahindi yale moja moja.

"Nimekosea," akasema. "Nilidhani kila mmea una akili ya kahawa."

Kisha akatuomba radhi, mmoja mmoja, kwa majina ya watoto wetu: Mama Somoe, ndiye mimi, Mama Batilda, na wengine. Sijamwona mtu mzima mwingine akifanya hivyo mbele ya lori zima. Hata hivyo miti hakukubali ikatwe. Mwaka uliofuata tulipanda viazi vikuu chini yake, vikakubali, naye akaanza tena kutufundisha kazi kana kwamba hakukutokea kitu.

Tabia moja zaidi, maana bila hiyo hamtamwelewa. Hakusema uwongo. Sisemi kwamba aliusema ukweli. Hilo ni jambo jingine. Alikuwa na ufundi wa kunyamaza. Alikuja ofisa kuuliza kama kuna sukari iliyofichwa nyumba ile, wakati sisi wote tulijua iko kwenye pipa la buni. Mkaanga Buni alimkaribisha kiti, akamwekea kikombe cha kahawa chungu, akamtazama machoni kwa upole mpaka bwana yule akanywa, akakunja uso, akaaga. Mimi kwenye ngazi nilikuwa nimeshaapa kwa Mungu na mitume kwamba hakuna. Alinikemea jioni. "Ulimi ukizoea kupinda haunyooki," alisema. "Ukishindwa, funga mdomo."

Sasa nifike kwenye mti.

Alikuwa na mtoto mmoja, mwanamume, aliyekwenda Kanada pamoja na wengi wa wakati ule. Kila mwaka alimtumia ujumbe kwa jamaa anayekuja Dar: Mama, njoo, umebaki na nani huko? Ulikuwa mwaliko wa mapenzi, hauna ubaya, na kwa sababu hiyo ulimtesa. Angekuwa mtoto mbaya angemkatalia. Mwishowe alimrudishia jibu moja, na tangu siku hiyo hakulibadilisha: "Nitakuja mti wangu ukitoa maua."

Mti huo aliletewa na mume wangu. Rafiki yake wa reli alikwenda Bukoba likizo akarudi na mche wa buni umefungwa kwenye gunia bichi. Mkaanga Buni aliupokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaupanda uani penye ufa wa saruji, karibu na mfereji, chini ya mpapai upate kivuli. Ukashika. Ukapanda mpaka ukanipita kimo, majani yanang'aa. Kwao, alitueleza, mkulima hahami kabla ya kuona maua, kwa kuwa maua ndiyo yanayomwambia mwaka utakuwaje. Anayeondoka kabla yake ameondoka kipofu. Mwanawe alilelewa na maneno hayo, akayaheshimu. Akawa anangoja.

Na mti wa buni una tabia yake. Ukinywa kila siku unaota majani tu. Lazima kiangazi uuache na kiu kabisa, vijicho vya maua vikae vimefumba kwenye matawi, halafu mvua ya kwanza iushtue. Hapo hufunguka vyote kwa pamoja. Yeye ndiye aliyetufundisha hayo. Alitukataza kuumwagilia, akamwonyesha kila mpangaji mahali pa kumwaga maji yake ya kuoshea vyombo.

Kiangazi cha kwanza tukakuta udongo chini ya mti umelowa asubuhi. Cha pili vilevile. Mvua ikaja, majani yakaota, maua hakuna. Watu wakaanza kutazamana. Nami, kila nilipopita pale na ndoo, mkono uliniwasha, kwa kuwa nilijua fika: mti ukichanua, mama yangu wa Mchafukoge anapanda ndege. Sikumwaga hata tone, lakini nilimwombea dua anayemwaga.

Kiangazi cha tatu Mama Batilda, mwenzangu wa juu aliyetoka Songea, alichoka kusingiziwa. Akamwita Ndugu Mjumbe, tukakaa kikao uani.

"Mimi nilimwaga kikombe kimoja, mwaka ule wa kwanza," alisema Mama Batilda. "Mti ulikuwa unanitazama. Nikatubu. Sasa kila siku ni mimi tu!"

"Mwenye dele anasuuza vikombe pale," mtu akasema.

"Mfereji uko pale," akajibu mwenye dele. "Niubebe kichwani niende nao Feri?"

"Labda ni popo," akasema mume wangu, ambaye hapendi vikao.

Ndugu Mjumbe alisafisha koo. Mti huu, alitamka, si wa mtu mmoja tena, ni wa nyumba nzima, na anayeumwagilia anahujumu matumaini ya mzazi. Kuanzia leo mfereji utafungwa kwa kufuli kila jioni, na ufunguo atakaa nao yeye mwenyewe. Tukapiga makofi. Mkaanga Buni aliketi kwenye gunia lake muda wote, katupa mgongo, anatazama barabara. Tulidhani uchungu umemzidi, tukamwonea huruma.

Kufuli halikusaidia. Udongo ulilowa vilevile.

Mwaka uliofuata, kiangazi kinaanza, Mkaanga Buni aliteleza kwenye kizingiti cha duka akiwa amebeba gunia. Mguu ukavunjika. Alirudishwa kutoka hospitali na plasta mpaka juu ya goti, akalazwa chumba chake cha nyuma, na sisi wanawake tukapokezana: huyu anapika, huyu anamwosha, mimi nakaanga buni huku yeye akisikiliza kutoka kitandani na kupiga kelele "Mimina!" kupitia ukutani. Kiangazi kile kilikuwa kikali. Majani ya mti yalilegea yakaning'inia, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Nilipoingia kumpelekea chakula alikuwa akiniuliza, "Mti je?" Nilimjibu, "Una kiu, Mama." Akageuza uso.

Mwanawe alipopata habari za mguu alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, ameota kitambi cha Ulaya, lakini Kiswahili chake bado kilikuwa cha mtoto wa Kariakoo. Alilala kwenye mkeka karibu na kitanda cha mama yake. Tiketi alikuja nazo, yake na ya mama, na alisema wazi kwamba safari hii haondoki peke yake labda mama amkatalie kwa mdomo wake. Yeye hakukataa. Hakukubali pia. Alinyamaza, na nilimwona akikonda kwa kule kunyamaza.

Masika ikaingia kwa kishindo cha siku moja, ikatulia. Wiki hivi ikapita. Asubuhi moja nilishuka na ndoo, na kabla sijafika mlango wa uani nikasimama. Harufu ilinipokea kwenye ngazi, tamu, nzito, harufu ya asumini lakini asumini ya nyumba nzima ya harusi. Nikafungua mlango. Mti ulikuwa mweupe. Kila tawi, kuanzia shinani hadi nchani, maua yamejipanga kama vikuba vya maua ya harusi, na nyuki sijui waliambiwa na nani walikuwa wameshafika.

Nikakaa chini kando ya mfereji nikaelewa. Mwaka ambao yeye hakuweza kuinuka kitandani ndio mwaka ambao mti uliona kiu. Hakukuwa na popo. Alikuwa akiamka kabla ya wote na birika lake la kahawa, lililojazwa tangu jana yake, anaumwagilia, ili asimvunje mtoto wake moyo na asiondoke kwake. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaogopa sana.

Nilipoingia chumbani nilimkuta amelala chali, macho kwenye dari, ameshika shuka kwa mikono yote miwili. Dirisha lililotazama uani lilikuwa limefunguliwa robo, na pazia limeshushwa. Harufu ilikuwa imejaa mle ndani kuliko nje. Mwanawe alikuwa anampaka mafuta vidole vya mguu uliovunjika.

"Mama Somoe, habari za asubuhi," akasema. "Hii harufu nzuri hii, ni nini?"

Mkaanga Buni hakunitazama. Nilijua kwamba akiulizwa yeye hatadanganya, atanyamaza, na kunyamaza kwake mtoto wake anakujua vizuri kuliko mimi.

"Asumini," nikasema. "Kuna harusi mtaa wa pili. Wanatunga vikuba tangu alfajiri."

"Asumini," mwanawe akarudia. Akamgeukia mama yake. "Ni asumini, Mama?"

Nilisikia nyuki.

"Funga dirisha, mwanangu," akasema. "Mbu wataingia."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Nilitaka kuwahi nilifunge mimi, lakini mwanawe ndiye aliyekuwa karibu. Akasimama, akifuta mafuta mikononi, akavuta pazia.

Alisimama pale muda mrefu. Kutoka nilipokuwa niliuona weupe wa maua ukimwangazia shati. Mgongo wake ulipanda, ukashuka. Mkono wa Mkaanga Buni ulikuwa umeniganda kwenye kifundo cha mkono, kucha zinaniingia, na nilimwacha.

Kisha mwanawe akalivuta dirisha taratibu, akalitia komeo, akashusha pazia. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu.

"Kweli, Mama," akasema. "Asumini tupu."

Akavuta kiti mpaka kitandani, akaketi, akauchukua ule mguu akauweka mapajani mwake, akaendelea kuupaka mafuta kama mtu asiye na ndege ya kuwahi.